Mdondo haupo kwenye kompyuta: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maktaba zetu

Waheshimiwa mliokabidhiwa maktaba za umma, za vyuo na za shule,

Salaam nyingi kutoka meza ya marejeo. Mimi ni mkutubi msaidizi katika maktaba moja ya mkoani. Siitaji, maana nitakayoyasema nimeyakuta pia kwenye maktaba mbili nilizopitia kabla ya hii, na kosa lenyewe, la kuorodhesha vitabu vya Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza, nimelitenda kwa mikono yangu miaka mingi. Mkiiona barua hii ina harufu ya mashtaka, basi mshtakiwa wa kwanza ni mimi.

Kiangazi cha mwaka jana alikuja mama mmoja wa makamo, viatu vina vumbi la mbali, mkononi kikapu cha ukindu. Akaitikia shikamoo yangu, akauliza, "Mwanangu, kitabu cha mdondo mnacho?"

Nikaandika mdondo, ugonjwa ule wa kuku, kwenye kompyuta ya katalogi, yaani orodha ya vitabu vyetu. Hakuna. Nikaandika kideri, kwa kuwa wapo wanaouita hivyo. Hakuna. Mama akadhani sijamwelewa. Akaweka kikapu chini, akapinda shingo yake kwa nyuma na ubavuni, akakizungusha kichwa polepole, jicho moja linatazama dari.

"Wanafanya hivi," akasema. "Halafu wanaharisha kijani. Asubuhi ukifungua banda, wamelala wote."

Vijana wa kidato cha nne waliokuwa meza ya jirani wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa natazama skrini inayonieleza kwa Kiingereza kwamba nilichotafuta hakipo.

Nikaandika kuku. Zikaja hadithi za watoto, kitabu cha mapishi, taarifa ya mradi fulani na vijitabu vya ufugaji, vyote mchanganyiko, na hakuna hata kimoja kinachoonyesha kama ndani yake mna mdondo au hamna. Mwisho nikaandika Newcastle disease, jina ambalo ugonjwa ule uliachiwa na mji wa Uingereza ulikotambuliwa miaka ya 1920. Hapo ndipo kilipojitokeza: kijitabu chembamba, Kiswahili mwanzo mwisho, kimeandikwa kwa ajili ya mfugaji wa kuku wa kienyeji. Kilikuwa rafu ya 636.5, kimebanwa na vitabu vinene viwili. Ndani mna mchoro wa kuku aliyepinda shingo, jicho moja limeelekea juu. Mama alipouona akasema, "Ee, huyuhuyu." Karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma ilikuwa na mihuri miwili tu tangu kitabu kiingie.

Kutoka shikamoo hadi kitabu mkononi ilipita zaidi ya nusu saa, na hapo alikuwa na mtu wa kumhangaikia. Ukutani ofisini kwetu tumebandika zile kanuni tano za Ranganathan wa India, za mwaka 1931. Ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Siku ile nilikaa nimeipa mgongo.

Kitabu cha Kiswahili, msomaji wa Kiswahili, na kilichowatenganisha ni mstari mmoja kwenye rekodi. Nani aliuandika mstari ule kwa Kiingereza? Mtu kama mimi, na hakukosea kwa mujibu wa alivyofundishwa. Vichwa vya mada, yaani maneno rasmi yanayotaja kitabu kinahusu nini, tunavitoa kwenye orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Namba za rafuni tunazitoa kwenye mfumo alioutangaza Melvil Dewey mwaka 1876. Na Dewey sina ugomvi mkubwa. Namba haina lugha, 636.5 ni kuku Bagamoyo na ni kuku Boston. (Ugomvi mdogo ninao: riwaya, tenzi, tamthilia na mashairi yetu yote ameyarundika nyuma ya 896.392, mpaka lebo ya mgongoni haitoshi.) Ugomvi wangu mkubwa ni na maneno.

Mwaka 1968 Mmarekani Robert Taylor aliandika makala ambayo aliyesomea ukutubi lazima ameipitia. Alisema haja ya mtu hupita ngazi nne. Huanza kama kero isiyo na maneno. Kisha mwenyewe huitambua kichwani, ingawa bado ina ukungu. Kisha huipanga ikawa swali. Mwisho hulikata swali lile kwa kipimo cha kile anachodhani maktaba inaweza kumjibu. Linalofika mezani kwetu ni hilo la mwisho, limeshakatwa.

Mwezi wa tatu kijana mmoja aliniuliza, "Kaka, vitabu vya sheria viko wapi?" Nikamwonyesha rafu za 340. Akasimama pale mikono mfukoni, anasoma migongo ya vitabu. Baadaye nikamfuata. Ikawa ni sheria ya ardhi. Tukaongea kidogo, ikawa ni ardhi ya kijiji. Tukaongea tena, ikawa baba amefariki, baba mdogo ameanza kupanda minyaa ya mpaka ndani ya shamba, na kuna karatasi inaitwa hati ya kimila ambayo pale nyumbani hakuna anayejua kama marehemu aliwahi kuichukua. Hapo sasa tukawa na swali. Pa kuanzia ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na nakala tunayo. Katalogi imeiweka chini ya Land tenure. Tangu nizaliwe sijaona watu wakigombana msibani kuhusu "land tenure". Wanagombea shamba, kiwanja, mirathi, mpaka.

Nicholas Belkin naye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alilisema hili kwa namna iliyonikaa kichwani: mtu hutafuta kwa sababu kuna tundu katika anachokijua, nasi tunamtaka alitaje tundu lenyewe kwa jina. Angelijua jina, nusu ya safari ingekuwa imekwisha. Mama wa kuku alikuwa na bahati, alikuwa na jina na alikuwa na shingo. Wengi wanaokuja hawana hata kimoja.

Tuseme msomaji jina analo. Je, ndilo jina tulilolichagua sisi? Mwaka 1987 George Furnas na wenzake, hukohuko Marekani, walionyesha kwamba ukiwachukua watu wawili wakaupa kitu kimoja jina, uwezekano wa kutumia neno lilelile haufiki asilimia 20. Na hao wote walikuwa wanazungumza Kiingereza. Dawa waliyoipendekeza haikuwa kuwafundisha watu neno sahihi. Walisema kitu kimoja kipewe majina mengi kadiri inavyowezekana, mtu aingilie mlango wowote. Sasa chukueni mdondo, kideri na Newcastle, halafu tazameni milango mingapi tumeiacha wazi.

Kuna la zaidi ambalo kina Taylor hawakulizungumzia, kwa kuwa lugha yao haina shida hiyo. Kiingereza mara nyingi hubadilika mkiani. Ukiandika farm ukaweka alama ya nyota mwishoni, kompyuta itakuletea farms, farmer na farming. Programu za kutafutia zimezoea kukata mikia. Sisi mabadiliko yetu yako kichwani. Nilifanya jaribio dogo ambalo yeyote kati yenu anaweza kulirudia akiwa amekaa kwenye kiti chake. Tuseme rafuni kuna kitabu kinachoitwa magonjwa ya muhogo. Msomaji anaandika ugonjwa wa mihogo. Magonjwa si ugonjwa, ya si wa, muhogo si mihogo. Maneno matatu kwa matatu na hakuna hata moja linalolingana herufi kwa herufi, ilhali mtoto wa darasa la pili anajua ni jambo lilelile. Mashine yetu ilijibu sifuri.

Hili linatengenezeka. Vyuo vyetu vingi vinatumia Koha, programu ya kuendeshea katalogi iliyoanzia maktaba ndogo ya New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000. Jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Haiuzwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuufungua na kuongeza kitu. Vijana wa kompyuta tunao vyuoni, na ngeli wamezinyonya na maziwa ya mama zao. Wanachosubiri ni mtu mwenye dhamana aseme: tengenezeni hili, ndiyo kazi yenu ya mwaka huu.

Mnaweza kuniuliza, sisi ni nani tubadilishe orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani? Nami nitawakumbusha kijana mwingine wa Kimarekani, Sanford Berman, aliyekuja kufanya kazi maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia mwishoni mwa miaka ya 1960. Kule alikuta orodha hiyohiyo ina kichwa cha mada "Kafirs" kwa ajili ya watu wa kusini mwa Afrika, na wenzake Waafrika wakamweleza kwamba kwao hilo ni tusi. Alikuwa amelipitia neno lile bila kushtuka, kwa kuwa lilikuwa kwenye orodha na orodha ni orodha. Mwaka 1971 akatoa kitabu kizima kinachopekua orodha ile kichwa kwa kichwa. Baadaye akaongoza uorodheshaji katika maktaba za kaunti ya Hennepin, Minnesota, akawa anaandika maneno yanayotoka midomoni mwa watu. Orodha ilisema "taa za umeme za waya unaong'aa", yeye akaandika balbu. Alipeleka barua nyingi Washington, na baadhi ya maneno yake yalikubaliwa. Mtu aliyefumbuliwa macho Lusaka alikwenda kurekebisha Minnesota. Sisi tulio jirani na Lusaka bado tunanakili.

Nije kwenye utafiti, maana baadhi yenu mnafundisha. Elimu hii si ngeni kwetu: shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa Makerere mwaka 1963, Bagamoyo tuna chuo tangu 1989, na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanatoa shahada ya uzamili. Tasnifu kuhusu tabia ya kutafuta habari ya wakulima, wavuvi, wauguzi na wanafunzi zinaandikwa, na nyingi nilizozishika zinafanana. Mtafiti anakwenda kijijini na hojaji. Je, unatafuta habari mara ngapi kwa wiki? Weka alama: redio, afisa ugani, jirani, simu, maktaba. Kisha linachorwa jedwali, maktaba inashika mkia, pendekezo linakuwa serikali iongeze bajeti.

Mama wa mdondo angejibu nini? Hajawahi "kutafuta habari" maishani mwake. Ametafuta dawa ya kuku. Hojaji ile ingemwandika kuwa hatafuti, ilhali alipanda gari saa kumi na mbili asubuhi kuja kutafuta. Nawaomba wasimamizi wa wanafunzi mruhusu walau tasnifu moja moja iache kuuliza watu wanatumia chanzo gani, ikae mezani na kuandika neno kwa neno wanavyouliza. Wamesema mdondo au wamesema kuku wanazungusha shingo? Wamesema mirathi au wamesema baba mdogo? Walianza na nini, wakamalizia na nini? Ni kazi ya kalamu na masikio. Na matokeo yake mworodheshaji atayatumia kesho yake, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu majedwali.

Nina daftari la namna hiyo. Nililianza wiki ileile ya mama wa kuku, daftari la kaunta la kawaida. Upande wa kushoto swali kama lilivyotamkwa, katikati nilichoandika kwenye kompyuta, kulia kilichopatikana. Nimejifunza humo mambo ambayo Bagamoyo sikufundishwa. Watu wazima huanza na salamu na habari za nyumbani, swali linachomoza mwishoni, mara nyingine wakiwa wameshageuka kuondoka. Wanafunzi wa sekondari huuliza kwa Kiswahili kitu wanachotaka kwa Kiingereza, kwa sababu msingi walisoma kwa lugha moja na mtihani watafanya kwa nyingine. Mkulima hutaja dalili, mara chache hutaja ugonjwa. Na wote, wadogo kwa wakubwa, wakipata sifuri mara mbili wanainuka. Hakuna aliyejaribu mara ya tatu bila kusaidiwa. Wakiinuka wanakwenda kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, ambako angalau kuna mtu anaelewa maana ya mdondo, hata kama dawa atakayowatajia ni majivu na pilipili.

Nitasema ninachotaka, na hapa wenzangu waorodheshaji watanielewa haraka zaidi. Kwenye rekodi, sehemu ya 650 ni ya vichwa rasmi. Iacheni kama ilivyo, inatuunganisha na dunia. Lakini ipo sehemu ya 653, ya maneno huru, isiyodai ruhusa ya orodha yoyote, na kwenye rekodi zetu imekaa tupu. Hapo ndipo pa mdondo na kideri. Hapo ndipo pa hati ya kimila, mirathi, batobato ya mihogo. Wazee wetu wa enzi za kadi walikuwa na ile kadi ya "tazama": ukivuta droo kwa jina moja, kadi inakuelekeza kwa jina jingine. Tulipohamia kwenye kompyuta tulihamisha vitabu, kadi za "tazama" tukaziacha kwenye droo, na droo nyingine nimeona zimegeuzwa za kuwekea misumari.

Nilianza mwenyewe kimyakimya, jioni wasomaji wakipungua, nikaongeza maneno ya Kiswahili kwenye rekodi za rafu ya kilimo. Dakika mbili kwa kitabu, tatu kama kuna majina mengi. Baada ya miezi kadhaa rekodi ziliingizwa upya kutoka nje, zikafunika zangu, maneno yote yakapotea. Hakuna aliyekusudia, hakuna aliyejua kwamba yapo. Nimeanza upya. Ndiyo maana naandika: kazi hii ikibaki ya mtu mmoja wa mkoani, kila mfumo ukiguswa itafutika. Inahitaji waraka wa ukurasa mmoja kutoka kwenu unaosema kitabu cha Kiswahili hakiingii kwenye katalogi bila maneno ya Kiswahili, na kwamba maneno hayo hayafutwi. Inahitaji pia mtu wa mitambo atakayewasha kumbukumbu ya maneno yaliyoandikwa yakaleta sifuri, na kila mwisho wa mwezi orodha hiyo iletwe mezani kwetu tuone nani tumemfungia mlango.

Na maneno yatoke mezani, yasitoke kwenye kikao. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Mlimani, tunawahitaji, hasa kwenye istilahi za sayansi, lakini wasipewe kazi ya kutuchagulia neno moja safi. Kwenye vitabu kuna ngamizi, kuna tarakilishi. Midomoni kuna kompyuta. Yaingie yote. Neno kishikwambi, yaani tableti, nakumbuka tulilicheka, kisha vishikwambi vya sensa ya 2022 vikapewa walimu, na leo bibi yangu analitamka bila kigugumizi. Lugha inajua njia zake, katalogi kazi yake ni kufuata nyuma na kalamu.

Mwaka 1967 nchi hii iliunda Baraza la Kiswahili, na tarehe 9 Desemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Wana umri mmoja. Kiswahili kimeingia SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mwaka 2019, kimeingia Umoja wa Afrika mwaka 2022, na kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunapamba ukumbi, tunaimba ngonjera, tunakata keki. Mwaka huu wakati wa keki niliiacha kompyuta ya katalogi ikiwa wazi na neno ngonjera limeandikwa kwenye kisanduku. Mgeni rasmi alipita karibu sana, lakini hakuangalia.

Daftari sasa ni la pili. Lipo droo ya kushoto, na yeyote kati yenu akitaka nakala nitamtolea kwa gharama yangu. Ukurasa wa Ijumaa iliyopita una maswali saba. Matatu tuliyajibu. La mwisho, saa tisa alasiri, ni la mzee aliyeingia na bakora akaomba maji kwanza. Alipomaliza kunywa akauliza, "Kijana, kuna kitabu kinachomfundisha mtu kuandika wosia?" Kipo, rafu ya 346, cha Kiswahili. Niliandika wosia. Sifuri. Nikaandika wasia, wapo wanaoandika hivyo. Sifuri. Nikamwomba mzee akae, nikaenda rafuni mwenyewe.

Wenu katika kazi,
Mkutubi msaidizi, meza ya marejeo